Mapigo Manane ya Saa Mbili

Neema na Husna, wadogo zangu wa chumba cha prufu,

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Anayetaka kucheka acheke sasa, tukishaanza hatutasimama. Nina mtoto wa miezi saba, nina kidato cha nne, nina miaka kumi ya kusoma makosa ya watu wengine, na nina hasira. Hasira nitajitahidi kuiweka pembeni kwa sababu ninayoandika ni ya kazi. Nikishindwa mtanivumilia, mtoto anaota meno.

Nimesikia kitabu cha Mwalimu Felista kinachapwa mara ya pili, na kwamba mmepewa karatasi yenye orodha ya makosa ya kusahihisha. La kwanza kwenye orodha ni kengele ya boma, inayopigwa mara nane wakati mwandishi anasema ni saa mbili asubuhi. Walimu wawili wameandika kulalamika, na Mkurugenzi amesema ziwe mbili. Msiguse. Nitawaeleza kwa nini, na itabidi nianzie mbali, maana hilo kosa mnaloambiwa mlifanye, mimi nilishalifanya.

Siku yangu ya kwanza nilipewa rula ya mbao, kalamu nyekundu na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Kiti mnakijua, bado kipo. Mshahara sitauongelea, haukuwa na maongezi. Aliyenipokea ni Bi Salma, aliyesoma prufu tangu enzi herufi zinapangwa kwa mkono moja moja. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho, akanisogezea ukurasa.

"Tafuta makosa."

Nikasoma mara tatu. Nikamwambia hakuna.

"Umesoma kama mtu aliyepata barua ya mchumba," akasema. "Unakimbilia mwisho. Weka rula chini ya mstari, usiuone wa pili mpaka umalizane na wa kwanza. Halafu soma kwa sauti. Jicho lina huruma mwanangu, linasamehe. Sikio halina."

Makosa yalikuwa kumi na moja. Lililonitia aibu zaidi lilikuwa kwenye kichwa cha habari, kwa herufi kubwa.

Kwa mwaka mzima alinikalisha pembeni yake. Alinifundisha kusoma ukurasa kutoka chini kwenda juu nikichoka, kwa sababu maana ikivurugika herufi zinaonekana. Alinifundisha kutomwamini mwandishi mwenye mwandiko mzuri. Na alikuwa na kanuni moja ambayo sikuishika, ndiyo iliyokuja kuniponza. Ukikuta kosa la herufi, alisema, lisahihishe. Ukikuta picha usiyoielewa, usiifute, iulize.

"Mtu akiandika mlima umegeuza mgongo, hajakosea. Kuna kitu amekiona. Weka alama ya kuuliza pembeni umpelekee mwenyewe."

"Na kama kweli amekosea?"

"Atakwambia. Au atakutukana. Vyote ni jibu."

Nikaandika kwenye daftari, nikafunga daftari, yakaishia humo.

Bi Salma alipostaafu (alistaafu kweli yeye, kwa pilau na kanga mbili) nikabaki peke yangu na rula. Nikawa hodari, na sisemi hivyo kwa majivuno, ninasema kama mtu anayeeleza ugonjwa ulivyoanza. Bwana mmoja kutoka Dar es Salaam alituletea hadithi ya enzi za Mjerumani huku kwetu. Alipanda minazi juu kabisa ya Uluguru, mahali ambapo hata mgomba unataka blanketi. Nikaing'oa. Akaweka mashamba ya mpunga wa kumwagilia Dakawa, enzi hizo hizo za Mjerumani. Nikayakausha. Msafara wake ulitoka Gairo alfajiri ukafika Mikese kabla ya adhuhuri, kwa miguu, na mizigo kichwani. Nikaulaza njiani siku kadhaa, nadhani hata wapagazi walinishukuru. Ofisi nzima ilicheka, Mkurugenzi akasema, "Zuhura hapitwi na kitu." Kuanzia hapo nikawa nasoma vitabu kama mgambo anayetafuta wasio na vibali.

Ndipo ulipokuja mswada wa Mwalimu Felista. Anafundisha muziki Mgeta, mama Mkatoliki wa miaka hamsini na kitu, analima kabichi, anaongoza kwaya ya kina mama. Aliuleta ndani ya mfuko wa mbolea uliofungwa kwa kamba ya katani, akauweka mezani kwangu akasema, "Msiupindepinde," akaondoka kuwahi gari.

Hadithi mnaijua, lakini nairudia tusije tukapotezana. Mkude ni mpiga ngoma wa mlimani enzi za Mjerumani. Kazi yake ni kupiga siku mwali anapotolewa nje. Wazungu wanajenga boma bondeni, wananing'iniza kipande cha reli kwenye nguzo, na askari anakigonga kila saa kwa kufuata saa ya ukutani iliyomo ofisini kwao. Watu wanashushwa mlimani kwenda kulima barabara, wanaanza na kuacha kazi kwa sauti ya chuma hicho. Mkude naye anashushwa. Basi. Hakuna vita humo, hakuna anayenyongwa. Yupo mtu anayejua kuhesabu kwa mikono yake, na kipo chuma kinachotaka kumhesabia.

Sasa angalieni yule mama anavyofanya kazi. Katika sura nne za kwanza hakuna namba hata moja ya wakati. Nimehakikisha kwa rula. Muda unapimwa kwa ngozi ya ngoma: imeanikwa, imelegea kwa unyevu, imesogezwa motoni, imekaza. Mke wa Mkude akisema "njoo ngozi ikikaza", tunajua ni muda gani, kwa sababu ukurasa wa nyuma tulishakaa nayo motoni, tulishanusa moshi wake, tulishasikia sauti ikipanda kutoka ya kikohozi hadi ya kengele ya mbuzi. Muda ni ukungu unaotoka kwenye migomba. Muda ni pombe inayoanza kuzungumza mtungini. Kila picha ya wakati ni kitu unachoweza kukishika, na kila kimoja kina sauti. Wakati katika sura hizo hauendi, unaiva.

Halafu sura ya tano chuma kinalia. Ndiyo namba ya kwanza ya wakati kuingia kitabuni, na mwandishi haitaji kwa neno moja. Anagonga pigo moja moja, kila pigo na mstari wake, mpaka nane. Nilipoyasoma mapigo hayo kwa sauti nilichoka. Kisha akida, mtu wa pwani, anasimama mbele ya watu anatangaza: saa mbili. Na Mkude, ambaye mikono yake haijakosea hesabu tangu utotoni, anamuuliza, "Umesema mbili. Nimesikia nane. Sita ni za nani?" Akida anamjibu kwa kiboko.

Kutoka hapo hizo sita zinazurura kitabuni kama mgeni asiyekubali kuketi. Saa sita za mchana chuma kinagongwa mara kumi na mbili, sita zimezidi. Saa saba kinagongwa mara moja tu, sita hazipo. Mkude anawaambia wenzake, "Asubuhi anatupa sita tusizomwomba, jua likipinda anazibeba zote." Wanaanza kuzizungumzia kama mahali. Mwanamke anayefiwa na mtoto akiwa kibaruani, akiulizwa mtoto alikufa lini, anasema, "Ndani ya zile sita." Hakuna maelezo. Mwandishi anampita, anaendelea na barabara. Ile picha iliyoanza kama swali la mtu mbishi imeshakuwa chumba, na watu wanazikwa humo.

Haya nayasema sasa kama mtu mwenye akili. Wakati ule nilisoma mapigo manane, saa mbili, nikacheka peke yangu. Nikasema mwalimu wa watu kachanganya saa ya Kiswahili na ya Kizungu, kama watu wanavyochanganya kila Jumamosi kwenye kadi za harusi, wengine wanafika chakula kimekwisha. Nikasahihisha. Nane zikawa mbili. Kumi na mbili zikawa sita. Moja ikawa saba. Swali la Mkude likakosa maana, nikalifuta. Kiboko cha akida kikabaki hakina sababu, nikaona ni sawa tu, akida hahitaji sababu. Maneno ya yule mfiwa sikuyaelewa, nayo nikayafuta. Mahali ishirini na tatu. Kwa kawaida mwandishi hupelekewa prufu, lakini mvua ilikuwa imekata barabara ya Mgeta na Mkurugenzi akasema tusisubiri.

Aliyenishika ni kaka Shomari, mpangaji wetu wa kurasa. Mnajua Jumamosi hupiga ngoma kwenye maharusi. Ilikuwa siku ya mwisho, faili linatakiwa kwa mchapaji kesho yake asubuhi, na tulikuwa tunafanya kama Bi Salma alivyotuachia: mimi nasoma kwa sauti, yeye anafuatisha kwenye kompyuta. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, pumzi inakatika kila baada ya aya. Tukafika sura ya mwisho. Ni siku ya mwali, binti wa Mkude mwenyewe anatolewa nje, na baba anapiga. Anapiga mara mbili, anainua mikono, anaacha sita, anapiga mbili, anainua mikono. Shomari akaanza kugonga meza kwa vidole. Mbili. Akanyamaza. Mbili. Akanyamaza. Akasimamisha mkono.

"Dada Zu, hii ngoma ina shimo."

"Shimo gani?"

"Hizi sita. Mpigaji haachi nafasi kubwa hivi bure, wachezaji wataangukiana. Labda kama watu wanajua ni nini kimekosekana hapo. Wamekijulia wapi?"

"Hakuna mahali."

"Basi huyu mwandishi hajui ngoma."

"Ni mwalimu wa muziki, Shomari."

Nikainama na tumbo langu, nikavuta ule mfuko wa mbolea chini ya meza, nikatoa mswada wenyewe na kufungua sura ya tano. Nikasoma nane pale ambapo mimi niliandika mbili. Nikaendelea mpaka kwa yule mfiwa. Nilipofika kwenye maneno yake niliyoyakata kwa mstari mnyoofu kabisa, wa rula, niliiweka rula mezani nikasimama.

Hakuna aliyekuwa anajua. Nawaambia hili mlishike. Shomari angenyamaza, mwandishi alikuwa mlimani, na Mkurugenzi hasomi vitabu, anahesabu kurasa. Nikaenda mlangoni kwake nikamwambia.

Akasikiliza. Akatazama saa yake. "Sura ya mwisho inasema sita?"

"Ndiyo."

"Toa hizo sita. Itakuwa sawasawa kote. Ni ukurasa mmoja."

"Tutakuwa tumekiua kitabu, Mkurugenzi."

"Kitabu hakifi, Zuhura. Kinauzwa au hakiuzwi."

"Mwandishi atakataa."

"Mpigie."

"Hapatikani. Mtandao huko upo kona moja tu ya uwanja wa kanisa, mpaka apite hapo."

"Unaona sasa."

"Nipe kesho nimfuate."

Akanitazama tumboni. "Na hilo?"

"Nakwenda nalo. Sina pa kuliacha."

Kesho yake, barabara ikiwa imeanza kupitika kwa shida, nikapanda na lori linaloshusha kabichi sokoni na kurudi juu tupu. Dereva alinikalisha mbele, na kila kona aliniuliza, "Mama, bado upo?" kana kwamba nimekuja kujifungulia kwenye gari lake. Mahali pawili tulishuka watu wakasukuma. Mimi nilisimama nikishika mfuko wa mbolea, matope yananifika vifundoni.

Nilimkuta Mwalimu Felista kwenye baraza la kanisa na kwaya yake, kina mama kama kumi na watano, wengine na majembe kabisa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. We binti, tumbo hilo na matope haya, nani kakutuma?"

"Nimejituma. Nimeharibu kitabu chako."

Akachukua kurasa nilizoziandika, akasoma amesimama. Alipomaliza akavua miwani.

"Umenitolea sita."

"Nilidhani umechanganya saa."

"Nimechanganya! Miaka yote nafundisha watu kuhesabu moja mbili tatu nne, halafu mimi nichanganye!"

"Mpige na kabichi huyo, Mwalimu," akasema mama mmoja wa nyuma, wakacheka wote, nami ningecheka kama nisingekuwa karibu kulia.

Sikupewa mhadhara. Pale kanisani kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Mwalimu akachukua nondo, akaniambia, "Kaa hapo, hesabu." Akagonga nane, polepole. Akagonga nane tena, na tena, mpaka wale kina mama wakaanza kupiga miayo na mimi kichwa kinaniuma. Halafu akagonga mbili, akainua mkono juu na nondo yake, akauacha hapo.

Kimya. Nikatazama nyuso. Midomo yote ilikuwa inacheza. Watu wote walikuwa wanahesabu, hakuna sauti, na walipofika mwisho kwaya nzima ikaingia na wimbo kwa pamoja, kama mlango uliosukumwa na mtu mmoja. Mtoto akapiga teke kwenye ule ukimya. Msilifanye jambo, alikuwa anapiga teke safari nzima, hata kwenye lori.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Midomo."

"Basi ndiyo sura ya mwisho hiyo. Zile nane sikuandika ili msomaji ajue ni saa ngapi, mwenye kutaka saa anunue saa. Niliandika ahesabu mwenyewe, zimchoshe, zimkae mwilini. Ili Mkude atakaponyamaza, msomaji ndiye azipige. Ukimpa mbili tu tangu mwanzo, nikinyamaza mwishoni atadhani nimesahau ngoma."

"Na Mkude anazirudisha kwa nini, kama zilimtesa?"

"Hazirudishi. Anazinyima sauti. Chuma kilizijaza bila yeye kuziomba, sasa anazo mkononi na hazipigi. Watu wanacheza humo ndani. Mwanawe anatolewa nje humo ndani." Akavaa miwani. "Lakini hayo usiyaandike popote. Ningetaka yaandikwe ningeyaandika mimi."

Nayaandika. Nitamwomba radhi nikimwona.

Akachana karatasi ya daftari la nyimbo, akaandika maneno matatu, nane ni nane, akatia sahihi. Nikashuka na karatasi hiyo, Mkurugenzi akaisoma, akapumua kwa pua, na Shomari na mimi tukazirudisha zote ishirini na tatu. Kitabu kilitoka kimechelewa, na kilitoka kizima.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote katika miaka kumi: kufuta masahihisho yangu mwenyewe.

Sasa hasira. Nilivyorudi kutoka likizo ya uzazi nikakuta Husna umekaa kwenye kiti changu. Si kosa lako, uliambiwa ukae ukakaa. Siku hiyo nilikuja na mtoto kwa sababu dada wa kumlea hakutokea. Mkurugenzi alimtazama mwanangu kama prufu iliyomwagikiwa chai, akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniudhi, "Pumzika tu mama. Kulea nako ni kazi. Halafu unakumbuka yale mambo ya kengele, yalituchelewesha."

Yalituchelewesha! Kosa nililolipeleka mwenyewe mlangoni kwake, wakati hakuna anayelijua, ndilo alilotumia kunitoa kazini. Na leo anawaandikia orodha mlifanye lile lile, kwa amri, namba moja. Mimi nilifanya kwa ujinga. Ninyi mtafanya mkiwa mmeambiwa.

Mtasema walimu wamelalamika. Na walalamike. Wamekaa na kitabu, wamehesabu mapigo, wamekuta sita zimezidi, wameandika barua kuuliza. Mkude alifanya hivyo hivyo, akapata kiboko. Wajibuni kwa adabu kwamba wamesoma vizuri, waendelee mpaka sura ya mwisho. Mwanafunzi akisema mbele ya darasa, "Mwalimu, saa mbili hii mbona nane?", kitabu kimeshafanya kazi yake, na mwalimu anachotakiwa ni kukaa kimya kidogo.

Picha si pambo mnalolipangusa vumbi. Kuna ya kupamba, ndiyo, na hiyo mkiitoa aya inabaki imesimama. Lakini kuna nyingine inabeba, na huwezi kuijua kwa kuisoma pale ilipo. Inabidi uende mbele kurasa mia uone nini kitaanguka. Mimi sikwenda. Nilikuwa na rula, nilikuwa naona mstari mmoja.

Nimekaa na nakala yangu mezani, mtoto mapajani ananinyang'anya kalamu, na nimepita mahali pote. Mnajua alama ya nukta chini ya neno: liache kama lilivyo. Nimetia nukta chini ya kila nane, chini ya kila kumi na mbili, chini ya kila moja, na chini ya maneno yote ya yule mfiwa. Kuna ukurasa mtoto amenisaidia kwa mate, mtausamehe. Shomari atawaletea Jumatatu.

Mkurugenzi akiuliza nani katia nukta, msijiumize kunificha. Mwambieni ni Zuhura, na safari hii hana pa kunifukuza.